Adhana Iliyotangulia Jua

Mvua ilikuwa imeikalia Ujiji tangu alasiri. Umeme ulikatika mapema na vipaza sauti vya misikiti vikanyamaza, kwa hiyo waliofunga siku ile walibaki na kitu kimoja tu cha kusikiliza: Redio Mwalo, iliyokuwa na jenereta yake na mnara wake juu ya kilima.

Wema, meneja wa redio hiyo, alikuwa jikoni kwa mama yake. Alikuwa ametoka mjini Kigoma kwenye kikao kilichomla siku nzima, na viatu vyake vilikuwa bado vinachuruza maji mlangoni. Mihogo ilikuwa imeiva, samaki wa migebuka wameshakaangwa, uji umemiminwa kwenye birika. Nje palikuwa na giza la mawingu, lile giza ambalo mtu hawezi kusema ni saa ngapi. Kiredio cha betri kilikuwa dirishani.

Adhana ikaanza. Mama yake akanyoosha mkono, akatwaa tende, akasema bismillahi, akatia mdomoni.

Wema akabaki na birika hewani. Ile haikuwa sauti ya Mzee Songoro. Kwa miaka yote adhana ya Redio Mwalo ilikuwa sauti ya marehemu Mzee Songoro, muadhini wa Ujiji aliyerekodiwa kabla hajafa, sauti nzito yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa pumzi. Huyu alikuwa mtu mwingine kabisa, kijana, mwenye lafudhi ya mbali. Wema akatazama simu yake. Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kwa Ujiji, saa hiyo jua bado liko juu ya milima ya Kongo, hata kama mawingu yamelificha.

"Mama, tema!"

"Niteme nini?"

"Tende! Bado Magharibi! Tema, mama!"

Mama yake akamtazama bila kutafuna. "Nimeshameza," alisema. Kisha: "Si redio yako hiyo?"

Wema akapiga simu studio. Aliyepokea ni Gervasi, mtangazaji wa michezo, ambaye kila Ramadhani, yeye akiwa Mkristo, alikuwa akijitolea kukaa zamu ya jioni ili wenzake wakafuturu.

"Hata mimi nimeshtuka, dada Wema. Kompyuta imejipigia yenyewe. Nimekata lakini ilikuwa imeshafika katikati."

"Waombe watu radhi hewani sasa hivi. Waambie Magharibi bado. Ira yuko wapi?"

"Ira ameondoka mapema." Gervasi akashusha sauti. "Dada, mimi sisemi kitu. Nasema nilichokiona. Leo ameshinda na ile kompyuta amejifungia mlango. Muziki nimepigia kwenye simu yangu saa nzima, ananiambia anaisafisha vumbi. Halafu alipotoka alikuwa na kitu kwenye mfuko wa nailoni, amekiweka kwapani kama mtu aliyebeba yai."

Wema hakulala vizuri. Iradukunda, ambaye studio nzima ilimwita Ira, alikuwa fundi wa redio kwa muda usiotimia mwaka. Alizaliwa Ilagala, wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, na kazi aliijua. Kompyuta ya matangazo ilikuwa inatumia Linux, ule mfumo wa bure ambao mtu yeyote anaweza kuuchukua na kuuweka bila kununua, na Ira ndiye pekee pale aliyeuelewa. Tangu mwanzo wa mwezi alikuwa akimsumbua Wema: toleo lililomo ni la zamani, limeshaachwa na wanaolitunza, programu zinaanguka, amruhusu apandishe toleo jipya. Wema alimjibu mara zote jibu moja. Baada ya Idi. Mwezi wa Ramadhani hatugusi kitu.

Sasa mambo madogo aliyoyapuuza yalianza kurudi moja moja na kila moja lilikuja na sura mpya. Ira kutoka nje kila anapopigiwa simu. Ira kufunga madirisha kwenye kioo cha kompyuta anapomwona meneja anaingia. Ira kuuliza, wiki mbili zilizopita, kama ni kweli vijiji vyote vya mwambao hadi Ilagala vinafuturu kwa Redio Mwalo. Kwa nini aliuliza vile? Na ile redio nyingine ya mjini iliyosemekana inatafuta fundi, mbona Ira hakuwahi kuitaja hata kwa utani?

Asubuhi alikuta watu wamejaa barazani. Kina mama wa soko la samaki, vijana wa madrasa, bwana mmoja ambaye pindo la kanzu yake lilikuwa limeloa tope. Kelele zilikuwa nyingi lakini maneno yalikuwa machache na yalirudiwa.

"Mmetufuturisha mapema!"

"Wazee wetu wamekula mchana wa Ramadhani!"

"Adhana mmempa asiyesali, mlitegemea nini?" alisema yule bwana wa kanzu. "Tena Mrundi."

Wema alitaka kumjibu kwamba Ira amezaliwa hapa hapa mkoani kama yeye. Kinywa kilifunguka, maneno hayakutoka. Alijua kwa nini hayakutoka, na alichukia kujua. Usiku kucha yeye mwenyewe alikuwa akizunguka mle mle.

Watu wakapisha njia. Alikuwa anaingia Mzee Hamdani, mwenyekiti wa bodi ya redio na mdogo wake marehemu Songoro, anatembea polepole na mwavuli uliofungwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tuingie ndani."

Walipofunga mlango wa studio, mzee hakuuliza habari ya saa wala ya futari. Aliuliza swali moja tu.

"Sauti ya kaka yangu iko wapi?"

Wema akawasha kompyuta. Hata kabla haijamaliza kuwaka alijua kuna kitu. Picha ya mwanzo ilikuwa ngeni, rangi ngeni, vitufe vimehama mahali pake. Akafungua sehemu walikokuwa wakihifadhi rekodi: adhana, mawaidha, hadithi za wazee wa Ujiji, vipindi vyote walivyovirekodi tangu redio ianze. Palikuwa patupu. Akatafuta mahali pengine, na pengine.

"Hakuna," alisema.

Gervasi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akapumua kwa nguvu. "Si nilikwambia? Amebeba kila kitu. Kesho utasikia vipindi vyetu kwenye redio nyingine."

"Na saa?" aliuliza Mzee Hamdani. "Labda saa ya kompyuta ilikimbia."

Walilinganisha. Saa ya kompyuta, saa ya ukutani, simu ya Wema: zote zilikuwa sawasawa. Hilo ndilo lililomkata Wema maini. Kama saa ingekuwa imekosea angeweza kusema ni mashine. Lakini saa ilikuwa sahihi, na adhana ikapigwa kabla ya wakati. Basi kuna mkono wa mtu uliopanga ipigwe vile.

Akampigia Ira. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa.

"Huyo ameshavuka mpaka," alisema Gervasi. "Tuite polisi."

Mzee Hamdani akagonga ncha ya mwavuli sakafuni. "Polisi wapo, hawahami. Wema, nenda kamtafute mwenyewe. Mimi nitakaa hapa hadi adhuhuri niwatulize hawa wa nje. Ukirudi mikono mitupu, nitaita mimi."

Ira alikuwa amepanga chumba Katonga, si mbali na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Wema alikwenda kwa bodaboda, barabara imejaa madimbwi, na njia nzima alikuwa akipanga atakavyomwambia. Alipofika alimkuta mwanamke wa makamo amekaa kizingitini anamenya mihogo, kitenge kimefungwa kifuani. Alikuwa Révérienne, mama yake Ira, aliyekuja juzi kutoka Ilagala kumletea mwanawe chakula. Wema alikuwa hajawahi kumwona, lakini yule mama alipoinua macho uso ulikuwa ule ule wa Ira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amahoro, ni amani?" Kisu kilisimama. Macho ya mama yalimpita Wema yakaenda hadi kwa dereva wa bodaboda, kisha barabarani nyuma yake, kama anayetafuta wengine wanaokuja. "Uko peke yako?"

"Peke yangu. Natoka kazini kwa Ira. Yupo?"

"Unamtakia nini?"

"Nataka kuzungumza naye tu, mama."

"Waliokuja kuzungumza tu ninawajua tangu zamani," alisema Révérienne. Hakusogea mlangoni. "Umwana wanje, mwanangu, si mwizi. Kama kuna kitu kimepotea, waulize wote, usianze na wetu."

Wema alikuwa ameanza na wao. Sauti ya Ira ikatoka ndani.

"Mwache aingie, mama. Ni bosi wangu."

Chumbani, juu ya meza ndogo kando ya kitanda, laptopu ilikuwa wazi, na pembeni yake, imeunganishwa kwa waya, diski ya kompyuta ya redio. Ule mfuko wa nailoni ulikuwa chini. Ira alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyekesha. Alisimama, hakuinua uso.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema Wema. "Umeichukua."

"Nimeichukua."

"Umemuuzia nani?"

Sasa akainua uso, na kilichokuwepo hakikuwa hofu. Kilikuwa mshangao. "Kuuza? Dada, nani anunue rekodi za mawaidha? Nilikuwa nazitoa. Tazama." Akageuza laptopu. Majina ya mafaili yalikuwa yanapita kwenye kioo, moja baada ya jingine, na mengi Wema aliyatambua kwa sababu aliyaandika mwenyewe.

"Simu umezimia nini?"

"Kwa matusi. Tangu jana jioni. Sijui namba yangu wamepewa na nani."

Wema akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Nieleze. Toka mwanzo. Na usinifiche kitu."

Ira akaeleza, na mwanzoni alieleza kwa kuchepukachepuka. Jana asubuhi programu ya matangazo ilianguka mara mbili mfululizo. Alijua meneja yuko kikaoni. Akasema moyoni, nikipandisha toleo sasa hivi, hadi adhuhuri litakuwa limemaliza, dada Wema atakuta kila kitu kinakimbia, na hata hatajua. Akaanza. Katikati ya kazi, mashine ikiwa imeshang'oa vitu vya toleo la zamani na haijamaliza kuweka vya jipya, umeme ukakatika. Betri ya akiba ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita. Jenereta ilipowaka, kompyuta iliamka ikabaki na kioo cheusi na kistari kimoja kinachopepesa.

"Nikajaribu kuiamsha kwa toleo la zamani, ikagoma. Nikajaribu kuunganisha vilivyovunjika, ikanitolea makosa juu ya makosa. Gervasi anagonga mlango, anauliza muziki. Nikaogopa. Nikaona nikiendelea kuilazimisha nitaharibu na rekodi. Nikaitoa diski, nikaweka ile ya akiba, nikapiga mfumo mpya kabisa kwa flashi. Programu ya adhana nikaishusha mtandaoni. Sauti ya Mzee Songoro ilikuwa kwenye diski hii, kwa hiyo nikaacha sauti iliyokuja na programu. Nilisema ni kwa jana tu. Nikaja na diski nyumbani nitoe kila kitu, niirudishe leo kabla hujafika."

"Na hiyo saa? Kwa nini adhana iliwahi?"

"Hiyo sijui."

"Ira."

"Wallahi sijui, dada," alisema, kisha akaona aibu kwa kiapo kisicho chake. "Sijui. Nimeifikiria usiku kucha. Sikugusa saa yoyote."

Wema alimtazama. Mengine yote yalimwingia akilini, hili lilikataa. Mtu aliyedanganya kuhusu vumbi anashindwaje kudanganya kuhusu saa?

"Vaa viatu," alisema. "Lete na diski. Utanionyesha mbele ya Mzee Hamdani."

Révérienne aliwasindikiza hadi barabarani na kisu bado mkononi, amekisahau. Hakumuaga Wema. Alimwambia mwanawe maneno machache kwa Kirundi, na Ira akaitikia kwa kichwa.

Barazani watu walikuwa wamepungua lakini hawakuisha. Ira alipita kati yao na mtu mmoja akatema mate pembeni. Ndani, Mzee Hamdani alikuwa kwenye kiti kile kile, Gervasi amesimama mlangoni.

Ira akafungua programu ya adhana. Nyakati zote za siku zilikuwa zimejipanga pale, kuanzia Alfajiri hadi Isha. Magharibi ilionyesha saa kumi na mbili na dakika arobaini.

"Nani aliandika hiyo?" aliuliza Gervasi.

"Hakuna anayeandika. Inapiga hesabu yenyewe kwa kufuata jua."

"Jua la wapi?" aliuliza Wema.

Ira akageuka kumtazama. "Jua... la hapa."

"Inajuaje kwamba sisi tuko hapa?"

Ira akabonyeza, kikatokea kidirisha kidogo ambacho jana alikuwa hajakifungua. Wema akainama akasoma kwa sauti maneno yaliyokuwa juu.

"Dar es Salaam."

"Hilo ni jina la saa za nchi nzima, dada. Mfumo ukiuweka upya unakuuliza uko wapi. Kwa Tanzania jibu ni hilo moja, Dar es Salaam. Kigoma haimo. Nikabonyeza nikapita, kila fundi anabonyeza..." Sauti ikamwishia. Aliweka mkono kichwani. "Programu imechukua pale pale. Ikafikiri tuko Dar. Aliyekuwa hapa kabla yangu alikuwa ameiwekea Ujiji kwa mkono, mimi sikuwahi kuiona, kwa sababu ilikuwa inafanya kazi tu."

"Kwetu jua linakawia zaidi ya nusu saa nyuma ya Dar," alisema Mzee Hamdani taratibu. "Dada yangu yuko Temeke. Kila Ramadhani ananipigia ameshiba, mimi bado natazama mlimani."

Ira akaandika Ujiji, akaweka mahali pake kwenye ramani, kandokando ya ziwa. Nyakati zote zikaruka kwa pamoja. Magharibi ikahamia saa moja na robo, na kidogo zaidi.

Kisha Ira akaunganisha diski, akatafuta faili moja, akalicheza kwa sauti ya chini. Mkwaruzo ule ukajaa chumbani. Mzee Hamdani aligeukia ukuta. Adhana ilipokwisha alisema bila kugeuka, "Itunzeni. Lakini hadi Idi, adhana hapa itasomwa na mtu aliye hai, mwenye pumzi, aliyetoka nje kwanza akatazama juu. Nitakuja mimi."

Wema alikwenda hewani adhuhuri. Alieleza kilichotokea bila kumtaja Ira, akasema kosa ni la redio, na kwamba waliofungua mapema waliambiwa na mashekhe walipe siku hiyo. Alipotoka barazani alimkuta yule bwana wa kanzu bado yupo.

"Kompyuta inaijua Dar haiijui Kigoma," alisema yule bwana. "Na wewe umekubali?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Umeonyeshwa," alisema, akaondoka zake.

Neno lile lilimkaa. Jioni kabla ya kufunga ofisi alimwita Ira, akamwomba arudishe ufunguo wa studio. Ira aliuweka mezani bila kubisha.

"Sikufukuzi," alisema Wema. "Habari ya adhana nimeiamini. Lakini nataka uniambie kitu kimoja. Kama isingewahi, kama kila kitu kingekwenda sawa jana, ungeniambia kwamba uliivunja mashine ukaijenga upya?"

Ira alifikiri kwa muda mrefu kuliko Wema alivyopenda.

"Hapana," alisema. "Nisingekwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungejiuliza kwa nini nilifanya, na usingekuwa peke yako. Mtu mwingine akikosea hapa wanasema amekosea. Mimi wangeanza kuulizana natoka wapi."

Wema alitaka kukataa. Akakumbuka baraza la asubuhi, na kinywa chake kilichofunguka bila neno. Akachukua ufunguo akauweka kwenye droo.

Idi ilipita. Redio ilinunua betri mpya ya akiba, na siku moja ya jua kali Ira akaja ofisini mbele ya kila mtu, flashi mkononi, akaomba ruhusa ya kuziweka sawa kompyuta mbili zilizobaki na toleo la zamani. Rekodi zote alikuwa amezinakili mahali pawili, na Wema alizihakiki mwenyewe.

"Sawa," alisema Wema. Akafungua studio, akavuta kiti akakaa.

Ira akaanzisha kazi. Maandishi madogo yakawa yanapanda kwenye kioo, mstari juu ya mstari. Wema aliuliza huu ni nini, na huu, na Ira alijibu kila swali kwa ufupi, bila kukunja uso na bila kucheka. Nje Gervasi alikuwa anasoma matokeo ya mpira. Kazi ilikuwa ya polepole, na baada ya muda maswali yalimwishia Wema.

"Dada, najua una kazi zako," alisema Ira. "Itachukua muda. Nitakuita ikimaliza."

"Nitakaa."

Ira alitikisa kichwa kukubali. Akasogeza kiti chake pembeni kidogo, ili Wema aone kioo chote.